Mgeni Anapoleta Posa



Sisi tunaoandika makala haya ni mafrateri wawili, mmoja mzaliwa wa Handeni na mwingine wa Korogwe. Kila likizo tunaporudi nyumbani tunaitwa kwenye vikao vya ukoo, kwa kuwa wazee wetu wanaamini kwamba frateri, hata akiwa kijana, asikose kuwepo panapozungumzwa ndoa. Katika vikao hivyo tumejifunza jambo ambalo tungependa kuwashirikisha.

Watu wa kwetu ni wakarimu, na hilo hatulisemi kwa kujisifu. Mgeni akibisha hodi hupewa maji na kigoda, kisha huulizwa habari za atokako. Akikaa siku nyingi huonyeshwa pa kulima. Ugumu huanza pale mgeni huyo, au mtoto wake, anapotuma mshenga na barua ya posa. Hapo swali lililokuwa la salamu linabadilika uzito: "Huyu ni mtu wa wapi hasa?"

Wilayani Handeni kuna makazi ya Chogo. Wengi wanaokaa huko majirani huwaita Wasomali, kwa sababu walitoka Somalia. Lakini msikilize mzee wa Chogo akiongea na mwenzake: anaongea Kizigua. Kufahamu jambo hilo inabidi turudi nyuma karibu miaka 200.

Katika miaka ya 1830 ukame mkali uliipiga nchi ya Uzigua. Masimulizi ya wazee yanaikumbuka njaa hiyo kwa jina la Kidyakingo, yaani kula ngozi, kwa sababu watu walifikia kutafuna ngozi za wanyama. Waliobaki hai waliteremka pwani kutafuta chakula. Wako waliojiweka rehani, wako waliouzwa, na wako waliopakiwa kwenye majahazi kwa ahadi ya kazi na chakula wasijue wanakopelekwa. Walishushwa Barawa, Merka na Mogadishu, wakawa watumwa katika mashamba ya bonde la mto Shebelle.

Baadaye wengi wao walitoroka. Masimulizi yao yanamtaja mwanamke mmoja, Wanakhucha, kuwa ndiye aliyewaongoza kutoka utumwani. Nia yao ilikuwa kurudi nyumbani. Safari iliishia kwenye misitu ya mto Juba, wakafyeka mashamba, wakajenga vijiji na kujitetea. Huko wakaendelea kuongea Kizigua na kuwasimulia watoto habari za nchi ambayo watoto hao hawakuwahi kuiona.

Waswahili husema mkataa kwao ni mtumwa. Hawa walifanywa watumwa, na kwao hawakukukataa.

Kuwa huru hakukuwapa heshima. Nchini Somalia waliitwa jareer, yaani wenye nywele ngumu. Neno hilo liliwatenga na Wasomali wengine hata pale ambapo dini ilikuwa moja, kwa kuwa wengi wao walikuwa Waislamu kama majirani zao. Walisali pamoja, walinunua na kuuziana, lakini koo zilizojiona bora hazikutaka kuoana nao. Ndipo mtu alipojua kwa hakika anahesabiwa nani.

Vita vilipozuka mwaka 1991 hawakuwa na ukoo wenye silaha wa kuwalinda, na mashamba yao yenye rutuba yaliwavutia waporaji. Maelfu walikimbilia kambi za Dadaab nchini Kenya. Wengine walikuja moja kwa moja Tanzania, wakapokelewa katika kambi ya Mkuyu, Handeni, na baadaye wakahamishiwa Chogo, wakapewa ardhi ya kulima. Kufikia mwaka 2014 zaidi ya elfu moja walikuwa wamepewa uraia wa Tanzania.

Wenzao waliobaki Kenya walihamishwa mwaka 2002 kutoka Dadaab hadi Kakuma, na kuanzia 2003 takribani watu 12,000 walianza kupelekwa Marekani. Leo wako Columbus, Ohio, wako Lewiston katika jimbo la Maine, na miji mingine mingi. Huko wamekutana na swali lile lile kwa sura nyingine. Mtu aliyeitwa jareer Somalia, Marekani huhesabiwa Msomali, na akitembea barabarani huonekana mtu mweusi tu, kama weusi wote. Mjini Lewiston, miaka michache kabla hawajafika, meya aliandika barua ya wazi mwezi Oktoba 2002 akiwaomba viongozi wa Wasomali wapunguze kasi ya ndugu zao kuhamia mjini. Mwezi Januari 2003 maelfu ya wakazi wa mji huo na wa jirani walikusanyika kusema kwamba wageni wanakaribishwa. Mji mmoja ulitoa majibu yote mawili.

Hapo ndipo tunapojiuliza: sisi wa Handeni, tulioachwa miaka 200 iliyopita na ndugu hawa, tunatoa jibu gani?

Binti wa ukoo wa mmoja wetu anauza vitenge sokoni Handeni. Alifahamiana na kijana wa Chogo anayeleta mahindi, na baada ya mwaka mmoja kijana akatuma mshenga. Kikao kilipoitishwa, baba mkubwa alianza kwa sauti ya juu: "Binti yetu tumpe Msomali?" Wengine waliinamisha vichwa. Mshenga, mzee wa makamo, hakujibu kwa Kiswahili. Aliongea Kizigua, taratibu, akieleza alikotoka babu wa babu yake na kwa nini walishuka pwani. Vijana tuliokuwepo tulishika nusu yake. Katikati ya maneno hayo bibi yetu aliyekuwa amekaa mkekani aliinua kichwa, akasema, "Neno hilo sijalisikia tangu mama yangu alipofariki."

Kikao kilinyamaza. Kisha baba mkubwa akageukia hoja nyingine: "Hata hivyo ni Mwislamu." Aliyejibu alikuwa mjomba, na kwa desturi yetu neno la mjomba katika ndoa ya mpwa wake halipuuzwi. Alisema, "Kaka, la dini ni zito, tulipeleke kwa paroko. Lakini hili la Usomali tulimalize hapa hapa, lisijifiche nyuma ya dini."

Maneno hayo yametufundisha kuliko kurasa nyingi tulizosoma. Tofauti ya dini ni jambo la kweli, na Kanisa halilifumbii macho. Kanuni ya 1086 inaitaja kuwa ni kizuizi, na ndoa ya namna hiyo inahitaji kibali cha Askofu. Kabla ya kibali, kwa mujibu wa kanuni ya 1125, mhusika Mkatoliki huahidi kuilinda imani yake na kufanya yote awezayo ili watoto wabatizwe na kulelewa katika imani hiyo. Mwenzake naye hujulishwa ahadi hiyo mapema, asije akaishtukia baadaye. Haya ni mambo yanayohitaji ukweli, muda na sala. Ubaya unakuja pale tunapoitumia dini kama pazia la kufunikia dharau ambayo hatuthubutu kuitamka.

Wawili hao walienda kwa paroko. Hadi tunaandika makala haya posa haijajibiwa. Binti anaishika imani yake, kijana naye ameuliza wazi watoto watalelewaje, na familia zote mbili bado zinazungumza. Hatujui itaishaje. Lakini sababu ya kuchelewa imetajwa mbele ya wote, na hakuna aliyemwita kijana Msomali tena katika nyumba ile. Bibi naye huuliza kila mara yule mshenga anarudi lini.

Wa Korogwe asidhani kwamba hayo ni ya Handeni peke yake. Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na mashamba yake, yakiwemo ya Ngombezi, Magunga na Hale, yakavuta watu kutoka mbali: Kigoma, Songea, Rwanda, Burundi na Msumbiji. Waliandikwa mkataba, wakapewa namba, na kwa sababu hiyo wakaitwa manamba. Kazi ilihesabiwa kwa kipande, siku kwa siku hadi 30 zitimie. Walikaa kambini, na wenyeji walizoea kusema kwamba manamba hana kwao.

Babu wa mmoja wetu alikuwa Muha aliyekuja kwa namna hiyo katika miaka ya 1950. Alipompenda binti wa Kisambaa aliambiwa alete wazee wake. Wazee wake walikuwa Kigoma, na nauli hakuwa nayo. Katekista wa kigango, ambaye hakuwa na undugu wowote naye, alivaa koti lake akaenda kukaa upande wa baba. Alisema, "Mimi ndiye ninayemjua." Haikutosha siku hiyo, ilichukua miaka miwili, lakini mlango ulikuwa umefunguliwa. Tusingekuwa wawili tunaoandika leo kama katekista yule angebaki nyumbani.

Maandiko Matakatifu yanalijua jambo hili. Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 12, Miriamu na Haruni wanamnung'unikia Musa kwa ajili ya mwanamke Mkushi aliyemwoa. Wanaendelea na hoja nyingine, ya nani kati yao Mungu husema naye, lakini mwanzo wa manung'uniko umeandikwa wazi: ni yule mke mgeni, mtu wa nchi za kusini ya Misri. Mungu hakuyanyamazia. Miriamu akapigwa ukoma, akatengwa nje ya kambi siku saba, na watu wote wakamngoja. Naye Ruthu Mmoabu, mgeni aliyeokota masuke katika shamba la watu, akawa bibi mzaa babu wa mfalme Daudi, na jina lake limo katika ukoo wa Bwana wetu katika Injili ya Mathayo.

Ndugu mafrateri, Mungu akitujalia upadre, siku moja tutakaa upande wa pili wa meza, tukiwauliza wachumba maswali ya uchunguzi wa ndoa. Matangazo yatasomwa kanisani, na waamini wataombwa waseme kama wanajua kizuizi. Tunavijua vizuizi kwa kuvisoma: umri, ndoa iliyokwishafungwa, daraja takatifu, nadhiri, tofauti ya dini, undugu wa karibu na vingine. Kabila halimo. Aina ya nywele haimo. Kwamba babu wa babu aliuzwa, au aliandikwa namba kwenye shamba la mkonge, hakumo.

Nanyi waamini wa jumuiya zetu, barua ya posa ikija kutoka kwa mtu msiyemjua kwao, msiache kuuliza, maana kuuliza ni haki ya wazazi. Ulizeni tabia yake, kazi yake, imani yake. Na kama kijana huyo hana mzee wa kumsindikiza, baba mmoja katika jumuiya avae koti lake, aende akakae upande wake.