Vyombo Vyetu kwa Jirani

Mpangaji anapoambiwa chumba chatakiwa na mwenyewe, au mtumishi anapohamishwa ghafula, la kwanza limtialo wasiwasi ni vyombo. Mtu atalala popote. Ama kitanda, kabati na cherehani havilali popote. Mjini Singida maghala si haba, lakini mengi ni ya alizeti na vitunguu, na palipo na gunia la alizeti hapakosi panya. Kwa hiyo wengi wetu hukimbilia kwa jirani.

Mimi nilipotakiwa kukaa Dodoma kwa miezi michache, bibi mmoja wa mtaani alinipa chumba chake cha uani bila ya kodi. Aliponiona nimetoa kalamu na karatasi, uso ukambadilika. "Mjukuu wangu, wachelea nitakuibia?" Nikamjibu, "Hasha, bibi. Nakuchelea deni."

Kwani kitu kilichowekwa kwa jirani ni amana, ndugu msomaji, na katika Sura ya Nisaa, aya ya 58, Mwenyezi Mungu ametuamrisha kuzirejesha amana kwa wenyewe. Mtume wetu (s.a.w.) alipohama Makka mwaka 622, hali Makureshi wamekusudia kumwua, alimwacha nyuma Sayyidna Ali (r.a.) awarejeshee watu vitu walivyomwekea.

Wanachuoni wa madhehebu ya Shafi wameeleza kuwa mwekewa amana halipi kitu kikiibiwa au kikiungua pasi na uzembe wake. Lakini akikitumia bila ya ruhusa, hata kulitandika godoro la mwenziwe kwa mgeni wa usiku mmoja, dhamana imemwangukia. Tena akiugua ugonjwa wa kuhofiwa, imempasa akirejeshe, au akiusie. Hapa ndipo penye khatari katika majumba yetu. Jirani akifa, warithi huingia chumbani wakakuta makabati mawili. Nani atajua lipi la marehemu? Nimepata kuona mirathi ikigawanywa, na mtu amesimama mlangoni akiapa kuwa cherehani ile ni yake, asipatikane hata mmoja wa kumwamini. (Yuko aonaye heri kulipa kodi ya chumba, huyo amepanga, na hukumu yake ni nyingine.)

Basi tukaandika karatasi mbili: kitanda cha mninga, kabati lenye ufa mguuni, cherehani, sufuria sita. Mwanawe akatia saini, nami nikatia. Bibi, aliyekuwa bado amenuna, akaamrisha uandikwe na ungo uliotundikwa nyuma ya mlango.