Kipande cha Chuma

Mpanda ni mji uliokuzwa na madini. Reli ilivutwa kutoka Kaliua kwa ajili ya risasi, iliyochimbwa Mukwamba hata mwaka 1960. Si ajabu, basi, mpiga gita wa huko akichagua kupigia nyuzi kipande cha chuma, akakidharau cha plastiki.

Chuma kina fadhila zake. Hakipindiki, kwa hiyo nguvu ya mkono huufikia uzi nzima, na sauti hutoka kali na angavu, ikapenya kelele za wachezaji. Plastiki hupinda kwanza, kisha hurudi. Sauti yake ni nyororo, na kosa dogo la mkono husitiriwa.

Chuma hakisitiri kosa. Tena, kinapougusa uzi wa madini, vigumu viwili hukutana, na kimoja hakina budi kulika. Nyuzi nene zilizozungushiwa shaba huchubuka, na mwenye gita huzinunua upya kwa fedha aliyoipata kwa jasho.

Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, huko Katanga, Mwenda Jean Bosco, aliyerekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952, alipiga kwa vidole vitupu, na sifa yake ikaenea Afrika Mashariki. Kidole hupinda chenyewe. Mwenye chuma hana msaada huo: kwa kuwa kipande hakipindi, yapasa mkono upinde. Akishika kwa wepesi, hupata ukali pasipo hasara. Akikaza, akumbuke kuwa ngoma ivumayo sana haikawii kupasuka.