BAIPASI "NDOGO" YA TUMBO (Sehemu ya 4)

Haya, tuendelee. Wengi mmeniuliza inboksi kuhusu ile baipasi ya kuunga utumbo mara moja badala ya mbili. Dkt. Rutledge wa Marekani aliianza 1997. Uzito unashuka kweli, hilo sibishi. Ila nyongo inapita pale pale tumbo lilipoungwa, na inaweza kupanda juu. Ikipanda miaka 20, italeta saratani? Madaktari bado wanabishana.

Halafu kuna urefu wa utumbo unaorukwa. Utafiti wa Ufaransa uliotoka 2019 waliruka sentimita 200: wagonjwa walipungua kama wa baipasi ya kawaida, lakini kuharisha na upungufu wa lishe vikazidi. Basi ziwe ngapi? Nako hawajakubaliana.

Dada yangu, kabla hujalipa, muulize daktari: utaruka sentimita ngapi? Na mwambie kama una kiungulia, usimfiche. Vitamini utameza maisha yako yote, hilo hata mimi nakujibu.