Maumivu Hayaahirishwi

Kisa cha kwanza cha Korona nchini Kenya kilitangazwa tarehe 13 Machi 2020, na haikuchukua muda tukaizima mashine ya kuchimbia meno. Nilikuwa daktari wa meno katika hospitali ya umma kaunti ya Kwale. Mashine ile huzunguka zaidi ya mara 300,000 kwa dakika huku ikipozwa kwa maji, na maji hayo yakichanganyika na mate huruka na kuelea chumbani. Mgonjwa wetu hawezi kuvaa barakoa, nasi kazi yetu iko mdomoni mwake.

Tukabaki na dharura tu: uvimbe, damu isiyokoma, maumivu makali. Kung'oa hakuhitaji mashine, koleo na ganzi vinatosha. Basi tuling'oa, hata meno ambayo mwaka mmoja nyuma ningeyaziba. Jambo hilo linaniuma hadi leo, kwa sababu jino la mtu mzima halioti tena.

Jioni moja mama alimleta kijana wake. "Daktari, mwanangu tangu jana hamezi hata mate." Nauli ya matatu ilikuwa imepanda, kafyu ilianza saa moja jioni, kwa hiyo kijana alikuwa amebaki nyumbani akitafuna karafuu na kumeza Panadol. Chini ya taya palikuwa pagumu kama ubao, ulimi umeinuliwa juu, udenda unamtoka. Usaha wa gego moja ulikuwa unaelekea kumziba pumzi. Tulimtundikia dawa mshipani, tukaita ambulensi, akavushwa Likoni usiku ule ule kwenda kupasuliwa Mombasa. Alipona. Anayesema meno si huduma ya lazima hajamwona mgonjwa wa aina hiyo.

Kilichotuokoa tusizidi kung'oa meno kilikuwa kimebuniwa jirani, Tanzania, miaka ya 1980: kuziba jino kwa mkono. Unakwangua uozo kwa kijiko kidogo cha chuma, kisha unajaza saruji maalumu inayotoa floridi. Hakuna mlio, hakuna maji yanayoruka, na mara nyingi hata sindano ya ganzi haihitajiki. Tulipoipata saruji hiyo, tukaanza tena kuokoa meno, madirisha wazi, barakoa za N95 usoni.

Mashine iliporudi kazini sikuviweka kando vijiko vile. Watoto wanaoogopa mlio wake nawaziba meno hivyo hivyo.