Kioo Cheusi Si Msiba



Nyumbani kwetu hapa Ndera, wilayani Gasabo, bado tuna kompyuta ya Windows XP, mfumo uliotoka mwaka 2001. Sokoni haina thamani, lakini ndani yake mna sauti ya marehemu baba akitusimulia habari za ukoo. Nakala nyingine hatukuwa nayo.

Siku moja iliwaka, ikaonyesha nembo ya kampuni, kisha kioo kikawa cheusi. Fundi mmoja akashauri tufute diski na kuweka mfumo upya. Nilikataa. Kioo ni dirisha tu, mali imo chumbani, yaani kwenye diski. Dirisha likikwama, hubomoi nyumba.

Basi, kabla ya kufuta chochote, fuateni hatua hizi:

Kwanza, sikilizeni. Ule muziki wa Windows ukisikika, mashine ni nzima. Tatizo liko kwenye njia ya picha.

Pili, kagueni waya wa VGA pande zote mbili. Una pini 15. Moja ikipinda, rangi hupotea: picha ikiwa ya manjano, buluu haifiki.

Tatu, azimeni kioo kingine mjaribu. Kile cha zamani chenye mgongo msikifungue kamwe. Umeme mkali hubaki ndani hata kikiwa kimechomolewa.

Nne, kama nembo ya kampuni inaonekana kisha giza linaingia, waya na kioo havina kosa. Washeni upya, mbonyeze F8 mara kwa mara kabla Windows haijaanza, mchague mstari unaotaja VGA. Picha itarudi kwa vipimo vya 640 kwa 480.

Kwetu chanzo kilikuwa hicho: vipimo vilipandishwa kupita uwezo wa kioo. Vioo vingi bapa vya inchi 17 vya wakati ule ni 1280 kwa 1024, kwa Hz 60. Kama vipimo ni sawa, rudisheni draiva ya picha iliyokuwepo awali.

Picha iliporudi, kazi ya kwanza ilikuwa kunakili sauti ya baba kwenye flashi mbili, moja ikaenda kwa shangazi. Nanyi msiiunganishe XP na intaneti. Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 8 Aprili 2014, na virusi havina huruma.

Mwenye kompyuta ya namna hii asingoje giza. Anakili leo, angali anaona.