Mgeni wa Shanta

Barabara itokayo Mwanza kwenda Sirari imepita katikati ya maisha yangu. Nimefundisha shule tatu zilizokuwa kando yake, nikastaafu nikiwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi upande wa Bunda, na hata nyumba hii ninayoishi sasa hapa Musoma ilijengwa kwa mchanga na mabati yaliyoletwa na malori ya njia hiyo hiyo. Kwa hiyo nimeona wasafiri wa kila namna: wachuuzi wa dagaa, wanunuzi wa pamba, watu na ng'ombe wao, wanafunzi, wagonjwa, na maiti wanaorudishwa makwao. Lakini aina moja ya msafiri ilinifikirisha kuliko wote. Huyo ni kijana wa kizungu mwenye shanta kubwa mgongoni, jua limemwiva usoni, amesimama kando ya njia anaomba lifti, ilhali kwao, kama tulivyoamini sisi, hakuna maskini.

Watu walikuwa na maelezo mengi juu ya vijana hao. Wapo waliosema ni majasusi, na katika miaka ya vita vya Kagera, 1978 na 1979, dhana hiyo haikuwa ya mzaha. Mgeni aliyetoa kamera karibu na daraja aliweza kujikuta ofisi ya kata akiulizwa maswali hadi jioni. Wapo waliosema wamefukuzwa na wazazi wao. Wazee wengine walitosheka na kusema kwamba mzungu atembeaye kwa miguu bila shaka ana kichaa, akapewe maji apite. Kwa kweli aghalabu walikuwa wanafunzi, wauguzi na mafundi seremala waliojinyima mwaka mzima ili waione dunia kwa fedha kidogo. Huko kwao lilikuwa jambo la kawaida. Mwaka 1973 mume na mke waitwao Tony na Maureen Wheeler walitoa kijitabu cha kueleza jinsi ya kuvuka Asia kwa gharama ndogo, na mwaka 1977 kampuni yao ikatoa kitabu cha namna hiyo juu ya Afrika, kilichoandikwa na Geoff Crowther. Basi kijana wa London aliweza kusoma nyumbani kwao wapi Afrika pana kitanda cha bei rahisi, na wapi malori hubeba watu.

Mpaka wetu na Kenya ulifungwa Februari 1977, wakati Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, ukafunguliwa tena Novemba 1983. Katika miaka hiyo wenye mashanta walitupungukia sana. Ulipofunguliwa wakarudi, na wawili kati yao ndio wanaonifanya niandike haya.

Ilikuwa Novemba 1986. Lori walilolipanda kutoka Tarime lilikatika ekseli karibu na shule yetu. Dereva akaondoka kwenda Mwanza kutafuta nyingine, utingo akabaki kulinda mzigo, na abiria wakatawanyika kila mtu na ujanja wake. Jioni nikaletewa wageni na mwenyekiti wa kitongoji: kijana wa Denmark na msichana wa Uholanzi, wamejaa vumbi hadi kope. Walisema wanaomba kulala darasani tu, watatoka kabla ya wanafunzi kufika. Nikawapa darasa la nne, kwa kuwa ndilo lililokuwa na mlango unaofungika. Chakula hawakuomba. Lakini, ndugu msomaji, wewe unajua jinsi mambo yalivyo katika nyumba ya Mwafrika; harufu ya ugali haina mipaka, na mgeni hawezi kuachwa darasani akatafuna biskuti. Mke wangu akawaita. Wakala ugali wa udaga na dagaa, kwanza kwa woga, kisha kwa bidii.

Ekseli haikupatikana kesho yake wala kesho kutwa. Siku ya tatu asubuhi yule kijana alikuja mwenyewe ofisini kwangu akauliza kama ipo kazi. Nilicheka peke yangu, maana wahenga wetu walikwisha kulipanga jambo hilo: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hiyo ndiyo aliyoitumia Mwalimu Nyerere, jirani yetu wa Butiama, katika makala yake ya Ujamaa ya mwaka 1962, kuonyesha kwamba katika jadi yetu ukarimu haukuwa kinga ya uvivu. Nikampa jembe kweli. Darasa la sita walikuwa wakitayarisha shamba la shule, mvua za vuli zimekwisha anza, na yeye akalima pamoja nao tangu saa tatu hadi saa sita. Malengelenge yalimtoka viganjani na hakusema neno. Watoto walimheshimu tangu saa ile. Msichana alifundisha jiografia darasa la saba. Alichora Uholanzi ubaoni akaeleza jinsi watu wanavyolima mahali ambapo zamani palikuwa bahari, na mtoto mmoja akamwuliza kama samaki walilipwa fidia. Sijawahi kuwa na somo la jiografia lililokumbukwa kama lile.

Usiku wa mwisho, tukiwa tumekaa nje na kibatari, msichana alitoa daftari lake ili atuonyeshe safari yao. Lilikuwa limepigwa mistari vizuri sana, hata mkaguzi wa elimu angefurahi. Tarehe, mahali, nauli, malazi, chakula, na mwisho jumla ya siku. Walikuwa wamejiwekea kutotumia zaidi ya dola tano kwa siku kwa kila mtu. Akafika kwenye siku zile tatu za kwetu, akatuonyesha kwa furaha kabisa: malazi 0, chakula 0. Akasema tangu watoke kwao hawajapata mahali pazuri kama hapa.

Mke wangu, ambaye Kiingereza hakukisoma lakini tarakimu anazijua, aliniuliza ile duara ni ya nini.

"Ni sifuri," nikamwambia. "Hawakutumia kitu."

Akaitazama kwa muda. "Wao hawakutumia," akasema, akanyanyuka kwenda kukusanya vyombo.

Sikuwatafsiria. Unga tuliokuwa tukila siku hizo ulikuwa umekopwa kwa jirani, debe zima, na sukari iliyotiwa katika chai yao ilikuwa imewekwa kwa ajili ya mtoto aliyekuwa akiuguza malaria. Wasingeweza kulijua hilo, kwani desturi yetu yenyewe inatukataza kumwonyesha mgeni chungu kitupu. Na kwa kuwa wao ni watu wa kuandika na sisi ni watu wa kuficha, daftari likatoka vile lilivyotoka. Sina kinyongo nao. Waliacha anwani zao katika karatasi, wakasisitiza kwamba siku yoyote tukifika Ulaya tukae kwao tutakavyo. Walisema kwa moyo safi, nami nikaikunja karatasi ile nikaiweka ndani ya Biblia. Nauli tu ya ndege ingekula mshahara wangu wa miaka.

Hapa niongeze jambo dogo linalonifurahisha kama mwalimu. Nyumba za bei nafuu wanamolala vijana wasafiri duniani kote zilianzishwa na mwalimu mwenzetu, Mjerumani aitwaye Richard Schirrmann. Agosti 1909 alikuwa katika matembezi ya siku kadhaa na wanafunzi wake, wakakutwa na mvua kubwa ya radi, wakajihifadhi usiku ule katika jengo la shule. Akawaza: shule zimejaa nchi nzima, na wakati wa likizo hukaa tupu, kwa nini watoto wasilale humo? Mwaka 1912 nyumba ya kwanza ya kudumu ilifunguliwa katika ngome ya kale mjini Altena. Kumbe darasa langu la nne lilikuwa katika ukoo mkubwa!

Lakini isidhaniwe kwamba kutembea nchi za watu bila fedha ni mambo ya wazungu. Desemba 1972, nilipomaliza Chuo cha Ualimu Butimba, mimi na mwenzangu mmoja tulipanda meli hapa Musoma, daraja la tatu, tukalala juu ya sitaha miongoni mwa mikungu ya ndizi hadi Kisumu. Mfukoni nilikuwa na shilingi 60. Kutoka pale tulipata lori la mahindi hadi Nakuru, na malipo yetu yalikuwa kupakua magunia. Huko ndiko nilikojifunza kwamba lifti ya Kiafrika haina bure: hulipi kwa noti utalipa kwa mgongo, au kwa kumzungumzisha dereva asisinzie. Nakuru tulikaribishwa na mfanyakazi wa reli, mtu wa Mara, ambaye hatukuwahi kumwona. Alisikia tu lafudhi yetu sokoni akaja kutushika mikono. Alifanya kazi zamu ya usiku ili sisi tulalie kitanda chake. Tulikaa siku tano. Siku ya tatu tulimpaka chokaa chumba kizima, na siku ya kuondoka akatupa nauli.

Na yupo aliyetupita wote kwa mbali. Legson Kayira, kijana wa Nyasaland, ambayo sasa ni Malawi, aliondoka kijijini kwao Oktoba 1958 akitaka kwenda kusoma Marekani kwa miguu. Alikuwa na chakula cha siku chache, Biblia, na kitabu cha Safari ya Msafiri. Aliikata Tanganyika yetu hii akifanya vibarua vijijini ili apate chakula, akaingia Uganda, akafika Sudan. Kule Khartoum ubalozi mdogo wa Marekani ulimsaidia kupata karatasi, na mwishoni mwa mwaka 1960 akawa mwanafunzi katika jimbo la Washington. Baadaye aliandika kisa chake katika kitabu kilichotoka mwaka 1965, akawa mwandishi wa riwaya, akafariki mwaka 2012. Mara nyingi nimejiuliza ni akina mama wangapi wa Tanganyika waliompa Kayira ugali.

Nakitaja kisa hicho kwa sababu leo hakiwezekani. Kijana wa Bunda akitaka kuingia Ulaya na shanta lake, kwanza atalipa ada ya viza yuro 90, kiwango kilichoanza Juni 2024, na hairudishwi hata akikataliwa. Kisha aonyeshe akiba ya benki, barua ya kazi, tiketi ya kurudi, na mahali pa kulala kila usiku. Maana yake ni kwamba ni lazima athibitishe kuwa si msafiri wa lifti. Wale wawili wa mwaka 1986 walipoingia Sirari walipewa fomu ya kuandika fedha walizonazo, wakagongewa mhuri, wakapita.

Na barabarani kwetu wapo wengine wanaopanda malori ya watu, ambao hakuna kitabu kinachowaelekeza. Juni 2012 walikutwa katika mkoa wa Dodoma vijana wa Ethiopia zaidi ya 40 waliokufa kwa kukosa hewa ndani ya lori lililokuwa likiwapeleka kusini. Machi 2020, Tete, Msumbiji, wakakutwa wengine 64 wamekufa ndani ya kontena. Walikuwa na umri ule ule wa wageni wangu wa darasa la nne. Nao pia walisimama kando ya njia, wakalipa zaidi ya mtalii yeyote.

Mambo hayo yote yamekuja kukaa katika nyumba yangu mwaka huu. Mjukuu wangu, mwenye miaka 24, aliyemaliza chuo Mwanza na bado anasubiri ajira, amekuja na ramani. Anataka kwenda hadi Cape Town yeye na rafiki yake, kwa mabasi na lifti, wakilala watakapokaribishwa. Kwa kuwa sisi ni watu wa SADC, nchi kama Zambia, Botswana na Afrika Kusini hazimdai Mtanzania viza kwa ziara fupi. Jambo hilo amelichunguza vizuri kuliko mimi. Amejiwekea akiba kwa kazi ya bodaboda. Baba yake, yaani mwanangu, amekasirika. Anasema mtu mwenye fedha hizo na asiye na ajira hununua pikipiki yake mwenyewe. Tena anasema, na hapa sauti yake hushuka, kwamba mtoto mweusi mwenye begi katika mipaka ya kusini haitwi mtalii. Nilitaka kumbishia nikakosa la kusema.

"Babu," mjukuu akaniambia, "wewe ulikwenda na shilingi 60."

"Nilikwenda kwa watu wetu," nikamjibu.

"Na hao si watu wetu?"

Tumejadiliana kwa wiki tatu. Juzi nilimpeleka Butiama, tukaketi karibu na kaburi la Mwalimu. Walikuwapo vijana wawili wa kigeni wenye mashanta, waliotembea kwa miguu kutoka barabara kuu. Mjukuu wangu aliwasogelea wakaongea nusu saa nzima juu ya mipaka, bei na mbu, kama mafundi wa kazi moja. Wakati wa kuachana walimwuliza atasafiri na pasi ya nchi gani, akawaambia, wakanyamaza kidogo.

Nimempa baraka zangu kwa masharti. Asipande lori usiku, asiingie kamwe ndani ya kontena au chini ya turubai hata dereva akimwapia, apige simu kila anapovuka mpaka, na akifika Lusaka angoje neno la baba yake kabla ya kuendelea. Nimemnunulia daftari la kurasa 96. Nilipigia mistari mwenyewe kwa rula: tarehe, mahali, nauli, malazi, chakula, kisha bibi yake akasema bado, niongeze safu moja ya jina la aliyewapikia na kile kilichokuwamo chunguni.

Wanatarajia kuondoka Juni, mvua za masika zikiisha. Shanta liko kwangu, chini ya kitanda, kwa sababu baba yake hataki kuliona.