Nahodha aliyekataa kuondoka gatini

Ukitaka kwenda Amu kwa barabara, msomaji, basi litakufikisha Mokowe tu. Hapo bara huisha. Mbele yako ni mkondo wa bahari uliopakana na mikoko, na gatini ni boti za injini zinazogombania abiria.

Siku niliyovuka nilikuwa na haraka, kama tulivyo watu wa mjini siku zote. Boti yetu ilikuwa imejaa tulipomwona mama mmoja na mwanawe wakija mbio na vikapu. Tukasogeana kuwapa nafasi. Nahodha, mzee wa kofia na kikoi, akatikisa kichwa.

"Mama, subiri ile ya nyuma," akasema kwa upole.

Abiria wakanung'unika. Watu wawili tu! Mzee akawasha injini.

Njiani nikamuuliza mbona akawa mgumu hivyo. Akaninyoshea kidole kijisanduku kilichokuwa kando ya usukani. Ndani yake, imefungwa kwa nailoni, ilikuwamo leseni yake.

"Hii ndiyo iliyokataa, mwanangu, si mimi."

Mzee huyu alifundishwa bahari na babake. Anajua kusi na kaskazi, bamvua na maji mafu, na saa ya kupita Mkanda kwenda Pate kabla maji hayajapwa. Lakini alipoomba kazi katika hoteli moja, aliulizwa karatasi. Basi, akiwa na wajukuu, akaingia darasani. "Bahari nilikuwa naijua," alicheka. "Kalamu ndiyo iliyonitoa jasho!"

Nchini Kenya, manahodha wa vyombo vidogo, wa baharini na wa Ziwa Victoria pia, hutahiniwa na Mamlaka ya Masuala ya Baharini, KMA. Nahodha sharti ajue, mathalan, kwamba boti mbili za injini zikikabiliana uso kwa uso, kila moja hugeukia kulia. Ajue kwamba chombo usiku huwa na taa nyekundu kushoto na ya kijani kulia. Asiyetofautisha rangi hizo hawezi kujua gizani kama chombo kinamjia au kinakwenda zake. Kisha kuna huduma ya kwanza, moto, na majaketi ya kuokolea maisha.

Na kuna idadi ya abiria. Wasomaji wa makamo wanakumbuka Aprili 29, 1994, feri ya Mtongwe ilipopinduka Mombasa, karibu kabisa na nchi kavu. Ilitengenezewa watu 300, nayo ilibeba zaidi ya 400. Watu 272 walikufa.

Je, wewe mwanafunzi uliyezaliwa mbali na maji? Leseni ya boti ndogo inaweza kukupatia kazi ya kuvusha abiria au kutembeza watalii. Meli kubwa ni safari ndefu zaidi. Chuo cha Bandari Maritime Academy mjini Mombasa hufunza ubaharia, lakini darasa pekee halitoshi. Mkataba wa kimataifa wa mabaharia wa 1978, pamoja na marekebisho yake, humtaka anayetamani kuwa afisa wa zamu awe amekaa baharini angalau miezi 12 chini ya mafunzo yaliyoidhinishwa. Kutoka hapo hadi unahodha ni miaka mingine ya zamu za usiku, mbali na nyumbani. (Wazazi, hili lizungumzeni mapema.) Anayevumilia aweza kuongoza meli ya mizigo, tagi za kuvuta meli bandarini, au hata kuwa rubani wa bandari, yule anayepanda meli ya kigeni ikiwa bado majini ili kuiongoza hadi Kilindini.

Tulipofunga kamba Amu, sikuondoka mara moja. Boti ya nyuma ikafika. Yule mama akashuka na mwanawe na vikapu vyake, vyote vikavu. Akamtazama mzee, akasonya, akaenda zake.